Tiketi Uliyomnyima Keji

Gudele, Juba
22 Agosti, 2016

Mpendwa kaka Celestino,

Habari za Entebbe? Wifi Nekesa ameshapona mguu? Sisi huku tu wazima, ingawa usingizi umetuhama tangu zile risasi za kambi ya jeshi ya Bilpam mwezi uliopita. Naandika Kiswahili makusudi, si Kibari, ili wifi naye asome.

Tiketi ya ndege ya mwanangu Gune imefika, asante. Ya mdogo wake Keji sikuiona, na sababu nimeisikia kwa mjomba Paulino. Eti umemwambia kwamba Keji akikaa kimya, kichwani hamna mtu. Hivi kaka, huna hata haya?

Si tulikuwa wote Nairobi daktari alipotuonyesha picha za ubongo wa Keji? Alisema pande mbili za ubongo huunganishwa na fungu nene la nyuzi, na Keji alizaliwa bila hilo. Akasema pia kwamba mtu akipumzika, ubongo wake haulali. Kazi ya pande zote mbili hupanda na kushuka pamoja kama sauti za wanakwaya, na fungu lile ndilo husaidia sana kuzipatanisha. Lakini Keji, akiwa amelala tu ndani ya mashine, pande zake bado zilikwenda pamoja kwa sehemu kubwa, zikipitia njia nyingine za chini. Daktari mwenyewe alifurahi. Wewe ulikuwa unachezea simu.

Ndiyo, mtoto ni mzito. Vifungo vinamshinda kwa sababu mikono yake haipatani upesi. Risasi zilipoanza, Gune alikuwa ameshafika kanisani, Keji bado amesimama uani, hajui aanze na mguu upi. Nilimbeba mgongoni, mtoto wa miaka tisa, nikianguka na kuinuka. Na huyo ndiye unayeniachia!

Khalas, nimeshaamua. Nimekwenda kwa wakala, jina kwenye tiketi limebadilishwa. Gune anaweza kukimbia. Atatoka na majirani kwa lori hadi mpakani Nimule, nami naiogopa barabara ile. Jumamosi atakayeshuka Entebbe ni Keji. Mwongeleshe, kisha subiri, atakujibu. Ukimrudisha huku, usiniite dada tena.

Nisalimie wifi na Lokosang wenu. Mama anawaombea baraka kila asubuhi. Mimi bado najaribu.

Dada yako akupendaye kwa hasira,
Betty