Mzigo Ukae Juu

Karakana ya Makochi,
Nyuma ya Soko la Mboga,
Jumapili, tarehe 16 Machi.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule, na yule mkubwa ameacha kukohoa? Nakuuliza yote kwa mkupuo kwa sababu nikikupigia simu unajibu "wote wazima" halafu unahamia kwenye mambo mengine. Safari hii nataka majibu ya mmoja mmoja, na kwenye karatasi.

Sisi huku hatujambo. Shemeji yako anakusalimu. Leo hata Jumapili hajapumzika, yupo hapa anapigilia kochi la mwenye duka la dawa huku akipiga miluzi isiyo na mbele wala nyuma. Mama anakula vizuri, ila masikio yamezidi kumsaliti, kwa hiyo redio yake sasa inasikilizwa na mtaa mzima. Mkono wangu uliovunjika umepona. Nashika mkasi, nashika nyundo, na ngumi nakunja nikitaka.

Sasa nije kwenye swali lako. Mara ya mwisho kwenye simu uliniuliza kama mwanangu amekubali nimbebe mjukuu, nikakujibu kwamba huku mvua inanyesha. Haikuwa inanyesha. Mwanangu alikuwa amekaa pembeni yangu, na sikutaka asikie jibu langu. Ndiyo maana nimeamua kukuandikia kwa utulivu, kuanzia mwanzo, mahali ambapo huwezi kunikatiza.

Wajua nilivyoanguka. Nilikuwa nimepanda kigoda kifupi cha karakana, nanyoosha mkono kuchukua jora la kitambaa, nikatua kwa kiganja. Kigoda chenyewe hata kifaranga angeruka asiumie. Daktari wa mifupa alipotazama picha alisema mkono utaunga, lakini mifupa yangu kwa jumla imeanza kuwa dhaifu, na mwanamke wa umri wangu asipoishughulisha inazidi kuisha nguvu. Mwanangu ndiye aliyekuwa amenisindikiza, na tumbo lake kubwa, akasikia kila neno.

Alipojifungua tulifurahi sote. Ila siku moja, akiwa anakunja nguo za mtoto, aliniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Mama, wewe utakuwa unampakata ukiwa umekaa. Mgongoni hapana." Akaongeza kwamba ameshapata yaya wa kuanza atakaporudi kazini. Hakusema kwa ubaya. Aliogopa nitaanguka naye, na ningekuwa yeye hata mimi ningeogopa. Lakini niliumia, mdogo wangu. Nilitabasamu, nikaenda jikoni, nikafungua bomba la maji ili kilio changu kisisikike.

Unanijua mimi na watoto wa mgongoni. Nilikubeba wewe kabla sijajua kuandika vizuri. Nikabeba wangu, nikabeba na wa majirani. Leo mjukuu wa kwanza abebwe na mgongo wa kuajiriwa, na wa kwangu upo? Nikasema haiwezekani, angalau bila mimi kujaribu.

Nikaenda kwa yule dada wa mazoezi ya viungo pale hospitali, nikamweleza nia yangu bila kuficha. Hakunicheka. Alinishauri nitembee kila asubuhi na begi mgongoni lenye uzito mdogo, niongeze polepole kadiri mwili unavyozoea, mgongo ukilalamika nipunguze, ukizidi niache nirudi kwake. Alinikumbusha pia kwamba mtoto hapandi mgongoni mpaka shingo ikaze. Kwa hiyo nilikuwa na muda, na saa yangu ilikuwa shingo ya mjukuu wako.

Hapo ndipo shemeji yako alipoingia na ufundi wake. Unamfahamu: kwake hakuna tatizo duniani lisilotibika kwa sponji. Alichukua begi la zamani la shule, akatia mfuko wa mchanga chini kabisa, halafu upande unaogusa mgongo akaweka sponji nene, ile ya viti vya wageni, akaifunika kitambaa na kuipiga vifungo kama mto wa kochi. Na mimi, fundi mwenzake wa miaka yote hii, nikasifia! Ndiyo akili ya watu wa makochi, kitu kikiwa laini tunadhani kazi imekwisha. Lile begi ungelikalia ungepata usingizi mzuri sana.

Kulibeba sasa. Sponji ilisukuma mzigo mbali na mgongo, mchanga ukaning'inia huko chini kwenye makalio, na kila nikipiga hatua unanivuta nyuma kama mtoto mtukutu anayevuta gauni. Nikawa naenda nimeinama, mikanda inanikata mabega, shingo imekakamaa. Mtaani wakaanza kuniita Kuruta. Kwenye kona ya muuza matunda nikasimama nimsalimie, nikajinyoosha kidogo tu, na begi likaamua. Nikakaa chini, puu, miguu juu, barabarani. Sponji ilinipokea vizuri, sikatai. Muuza matunda aliniinua huku akiuma midomo asicheke, mwishowe ikamshinda, tukacheka wote wawili.

Kicheko changu kiliishia mdomoni. Moyoni nilikuwa nimeogopa sana, kwa sababu nilijiona nimeanguka vilevile, na badala ya mchanga yupo mtoto. Nikageuza njia kurudi nyumbani, nikijisemea kwamba mwanangu ana haki na mimi ninajitia ujana.

Ni katika kurudi huko mikono yangu ilifanya jambo bila kuniuliza. Ilienda nyuma, ikalishika begi kwa chini, ikalipandisha na kulibana, vile unavyompandisha mtoto anayeteleza kwenye mbeleko. Begi likawa jepesi palepale. Nikaliachia, likawa zito. Nikalipandisha tena, jepesi. Nilisimama katikati ya njia nikajiita mjinga kwa sauti. Wewe ulivyokuwa bonge, nilikubeba vipi? Juu, tena umebanwa mpaka tumbo lako na mgongo wangu vinatoka jasho moja. Ukiteleza kufika kiunoni nilikuwa nakuona mzito kama gunia, lakini nikikupandisha na kukaza kitambaa, nilichota maji, nikafagia, nikacheza na rede na wenzangu.

Nilipofika nilichukua mkasi nikaanza kung'oa sponji. Shemeji yako alinitazama kama mtu anayeona nyumba yake inabomolewa. Alinuna mpaka chai ya jioni.

Begi tulilolitengeneza baada ya hapo nakueleza kwa urefu, na sababu utaiona. Mchanga niliushona ndani ya mto mwembamba, bapa, nikautengea mfuko wake ili ulale kati ya mabega, ushikane na mgongo, usishuke wala kucheza. Chini yake nikashindilia vipande vya vitambaa vya kuuegemeza. Mikanda ya mabegani aliishona shemeji yako alipomaliza kununa, mipana, yenye sponji nyembamba tu, na hapo nampa haki yake, mkono wake kwenye mkanda hauna mpinzani. Tukaweka mkanda mdogo wa kifuani, ile ya mabega isiteleze kwenda nje, na mwingine mpana wa kiunoni. Huu wa kiunoni watu huukaza tumboni wakabaki wanahema. Unakaa juu ya mifupa ya nyonga, ndiyo ipokee sehemu nzuri ya uzito, mabega yapumue. Ukishavaa, jinyooshe. Ukijikuta lazima uinamie mbele, ujue mzigo umeshuka au umezidi.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kufungua karakana nilipanda hadi kilimani kwenye tenki la maji na kurudi. Nikizoea, naongeza kikombe cha mchanga. Shida ilikuwa mpinzani wangu. Kila nikimsindikiza mwanangu kliniki, mtoto akiwekwa kwenye mizani, nakuta ameshanipita. Mimi naongeza kikombe, yeye anaongeza mashavu. Ananyonya kama ana mkataba! Nesi akitaja uzito mwanangu anatabasamu, na mimi natabasamu huku napiga hesabu ya mchanga kichwani. Kuna wakati nilikata tamaa kabisa, nikamwambia shemeji yako kwamba huyu mtoto hatanisubiri. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Basi mpunguzie maziwa." Nilimrushia kipande cha sponji.

Lakini mwili wangu ulinishangaza. Nilianza kubeba jora la kitambaa kutoka mlangoni hadi mezani bila kupumzika njiani. Nikiinuka kwenye kiti sishiki tena ukuta. Dada wa mazoezi alinisimamisha kwa mguu mmoja, akanigeuza huku na huku, akaridhika, akaniambia kumbeba mtoto ninaweza. Mwanangu sikumwambia. Sikutaka anionee huruma, wala anikubalie kwa sababu ya karatasi ya hospitali. Nilitaka aone kwa macho yake.

Mapema wiki hii nilikuwa mlangoni nafunga mkanda wa kiunoni, mwanangu akatokea. Shingo ya mtoto wakati huo ilishakaza, na yaya alishaambiwa siku ya kuja. Akamwacha mtoto kwa babu yake, akasema anataka twende wote. Njiani akaniomba begi. Nikamvisha, nikamkazia mikanda kama ninavyojikazia mimi. Alilipandisha kilima chote, na pale kwenye tenki, jasho likimtiririka, akaniuliza, "Mama, humu kuna uzito gani?"

"Wa mwanao," nikamwambia.

Alilivua, akanirudishia, na kuteremka kote akawa nyuma yangu. Nilijua anatazama miguu yangu. Sijawahi kutembea kwa uangalifu vile, hata siku ya harusi yangu.

Kesho yake ulimi uliniwasha nimuulize, nikaenda kukata vitambaa. Jana mchana ndipo alipoingia karakana, mtoto mkononi, mbeleko begani. Shemeji yako akasimamisha cherehani. Mwanangu akasema tu, "Inama kidogo, Mama."

Niliinama. Hapo, mdogo wangu, sijui nikuandikie nini. Alimlaza mtoto mgongoni kwangu, akakaza kitambaa mwenyewe, na akamweka juu, palepale panapostahili. Nilipoinuka nilihisi joto lake na moyo wake mdogo unavyokwenda mbio, nikatambua kwamba mchanga ulikuwa umenidanganya, maana haupumui. Nililia mbele yao, safari hii bila kufungua bomba. Kisha tukatoka kutembea. Mwanangu alikuja nyuma yangu mikono ameitanguliza, tayari kumdaka mtoto, na tulipopita kwa muuza matunda nikageuka nikaona ameishusha. Yaya atakuja, kazi zipo tele na mimi si chuma. Atafua, atapika, tutasaidiana. Mgongoni nipo mimi.

Sasa zamu yako. Wifi yangu ameninong'oneza kwamba kazi yako mpya ni ya kukaa kutwa, kwamba mgongo unakuuma na ngazi za nyumbani unazipanda kwa kuzibembeleza. Usimgombeze, mimi ndiye niliyemchimba. Nilimwagiza akupime mgongo ukiwa umelala, na nimekushonea begi la kipimo chako. Utaletewa na yule mpangaji wetu dereva wa malori, pamoja na barua hii. Mchanga sikutia, nadhani hata huko upo. Anza na kidogo mpaka uone aibu, na utembee njia unayoipenda. Mtu akikucheka mwambie umeumbiwa dada mkorofi.

Nisalimie wifi yangu sana, umwambie kipimo chake kilikuwa sahihi. Wasalimie watoto, umbusu mdogo kwa niaba yangu. Mama anakuombea kila jioni, tena kwa sauti, kwa hiyo majirani wote wanajua unachohitaji. Mungu akulinde utokapo na urudipo, akupe afya na mgongo ulionyooka, na atukutanishe tungali na nguvu za kukumbatiana.

Naomba unisamehe kwa mwandiko. Barua yote nimeiandika nimesimama kwenye meza ya kukatia vitambaa, kwa sababu nikikaa anaamka. Yupo hapa, amelala, shavu lake limenigandia mgongoni. Mama yake ametoka kwenda sokoni. Nilimsindikiza kwa macho mpaka mwisho wa mtaa, na hakugeuka nyuma hata mara moja.

Wako akupendaye daima,
Dada yako mkubwa.