Babu, Mama na Choo Kimoja cha Boti

Kwako Babu,

Shikamoo. Najua huko uliko barua hazifiki, na hata ungekuwa hai ningeshindwa kukuambia haya uso kwa uso. Unanijua. Uliniita Mwalimu kwa sababu nasoma shule ya Kiingereza, halafu ukawa unawaambia wageni, "Mwalimu wetu huyu ana lugha mbili, ila zote anazihifadhi mdomoni." Naandika kwa Kiswahili. Kiingereza ni cha mitihani, na Kinyakyusa changu wewe mwenyewe ulikuwa unakicheka.

Nataka kukuambia kuhusu kile choo.

Safari ile ilikuwa ya macho yako. Mama alikutafutia nafasi ya upasuaji kwenye hospitali ya misheni huko kwao Iringa, na karatasi zote alizishika yeye. Baba alikuwa Tunduma na lori, anasubiri kuvuka mpaka. Baba mdogo alikuwa anatungoja Matema na gari, kwa sababu kijiji chako kiko mbele zaidi, chini ya milima, na kule mtu anafika kwa njia ya ziwa tu. Ndiyo maana mama na mimi tulitoka Uyole kuja kukuchukua. Mpango ulikuwa mwepesi. Tungepanda boti kubwa ya abiria, wewe ukae mbele na wanaume, mama nyuma kabisa na wanawake, mimi katikati na mfuko wa dawa.

Hapa nawaandikia wengine watakaosoma, wewe unayajua. Kwetu Wanyakyusa baba mkwe na mkamwana hawaonani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na kama wanakutana njiani mmoja anaingia porini. Choo ndiyo kabisa, hawachangii. Mama ni Mhehe, lakini tangu nipate akili namwona akisikia kikohozi chako anazunguka nyuma ya nyumba. Huko kijijini alilala kwa jirani.

Asubuhi ile injini ya boti kubwa ikagoma. Hospitali walikuwa wanakusubiri kesho yake. Iliyobaki ni boti ndogo ya tanga ya Baba Neema, ile aliyoachiwa na mtalii mmoja aliyerudi kwao. Unaikumbuka, ndefu kama vitanda vitatu vikiungwa, na katikati kuna kijumba cha kuingia kwa kuinama. Ndani ya kijumba kuna mlango mwembamba, na nyuma ya mlango kuna choo.

Baba Neema alijivunia choo chake kuliko tanga. Alitufungulia kabla hatujaondoka.

"Choo cha Kizungu hiki. Unakaa kiubavuubavu, magoti yanaingia hapa pembeni. Ukimaliza unashika huu mpini, unapampu mara kumi. Maji ya ziwa yanaingia, mambo yako yanatoka."

"Na suruali unavalia wapi?" ukauliza.

"Suruali unavalia nje, mzee. Mle ndani mkono haunyooki."

Ukacheka. Kisha ukaacha kucheka, maana uliona nilichokiona mimi. Boti nzima ilikuwa na mlango mmoja. Mahali pekee ambapo mama angeweza kukaa wewe usimwone ni mle chooni.

Akaingia. Alijifunika khanga kichwani, akapita wewe ukiwa umegeukia milima, akafunga mlango. Baba Neema, ambaye si Mnyakyusa, akatikisa kichwa. "Nyie watu mna kazi," akasema, akapandisha tanga.

Saa mbili za kwanza zilikuwa nzuri. Upepo ulitusukuma, wewe ulikaa karibu na usukani ukimfundisha Baba Neema kazi yake. Mimi nilikuwa napeleka habari. Nagonga mlango, namwambia mama tumepita wapi, anasema haya. Nilimpa maji, akarudisha chupa. Sikuangalia kama imepungua. Mle ndani palinuka plastiki iliyochomwa jua.

Halafu nikaona umeacha kufundisha. Ulishika tumbo, ukabadilisha mkao, ukashika tena. Samaki wa jana usiku, nadhani. Baba Neema akakuuliza ukasema si kitu. Baada ya muda kidogo jasho likaanza kukutoka puani, na ziwa lilikuwa na baridi.

"Mzee, choo si kipo?" akasema Baba Neema.

"Kina mtu."

"Mtu anatoka."

"Kina mtu," ukarudia.

Ukanivuta karibu. Ulikuwa na harufu ya sabuni ya kufulia, ulikuwa umevaa koti lako la kanisani kwa ajili ya hospitali. Ukaniuliza taratibu, bila kuniangalia, "Mwalimu. Mama yako amejisaidia mle?"

Nilijua unachouliza. Kama amekitumia, wewe hukanyagi. Ungejichafulia koti lile mbele yangu na mbele ya Baba Neema, halafu ungemwambia ageuze boti, maana Matema usingeshuka hivyo. Macho yangebaki yalivyo. Na mimi nilikuwa na hakika amekitumia. Mtu akae chooni saa mbili na nusu asikitumie?

"Hapana, Babu," nikasema.

"Hakika?"

"Hakika. Nimemuuliza."

Sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa naona haya hata kuwaza swali lenyewe.

Ukavuta koti ukajifunika kichwa kizima. Nikagonga mlango, nikamwambia mama atoke. Akapita ukingoni akiwa ameshika kamba, akaenda kukaa mbele kabisa ng'ambo ya tanga. Nikakuongoza kama kipofu mpaka mlangoni. Ukakwama bega. Baba Neema akasema, "Kiubavu, mzee, kiubavu," ukamjibu kitu kwa Kinyakyusa ambacho shukuru Mungu sikukielewa.

Tukasikia pampu. Ulipotoka ulikuwa mtu mwingine. "Nimepampu kumi na mbili," ukamwambia Baba Neema. "Mbili zawadi yako."

Ukageukia milima tena, mama akarudi ndani, na tulifika Matema kabla ya saa sita. Baba mdogo akakuchukua na gari, mama na mimi tukafuata kwa basi. Macho yakafanyiwa kazi vizuri. Uliporudi uliniambia umeona vidole vya miguu yako baada ya miaka na vimezeeka sana. Nilicheka, na sikusema.

Kisha masika yakaja, presha ikapanda, ukafa.

Sitaandika msiba wote. Nitaandika jioni ile wanawake walipokuwa wanachambua mchele wa Ubaruku kwenye ungo, na shangazi, binti yako mkubwa, akasema bila kumtazama mtu, "Baba alikuwa mzima. Alikaa chombo kimoja na mkwewe, wakachangia choo. Mnataka nini tena?" Sijui nani alimwambia habari za boti. Labda Baba Neema alisimulia kama kichekesho. Wote wakamwangalia mama. Mama aliendelea kuchambua mchele. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, ungo wangu uko mapajani, na najua nilichokuambia siku ile, na sikufungua mdomo.

Tangu hapo shangazi hajaongea na mama. Simu zote zinapitia kwa baba. Mama akituma salamu hazirudi. Pasaka hatukuitwa.

Babu, mimi sijui kama mtu anakufa kwa sababu ya choo. Shuleni nimesoma presha ni nini, naweza kukuchorea hata moyo na kuandika majina ya mishipa. Lakini usiku huohuo niliosoma biolojia nilikuwa nahesabu miezi kutoka siku ya boti mpaka siku uliyokufa. Vitu vyote viwili vinakaa kichwani mwangu na havigombani. Nilijiona nimekuua kwa neno moja, halafu nikamwachia mama mzigo.

Juzi Jumamosi tulikuwa tunamenya viazi, mama na mimi. Nikamwambia. Nilianzia katikati, nikarudi mwanzo, nikaeleza ulivyoniuliza na nilivyojibu. Hakuacha kumenya.

"Mbona ulimwambia kweli," akasema.

Nikadhani hajanielewa. Nikarudia.

"Sikukitumia," akasema mama. "Tangu jana yake saa kumi sikunywa maji. Pale kijijini nilikuwa nimesikia boti kubwa inasumbua, nikajua tukipanda ile ndogo choo ni kimoja. Nilikaa juu ya mfuniko, basi. Nilienda haja Matema, kwa mama mmoja anauza mandazi."

"Sasa kwa nini hukusema msibani?"

"Nilingoja waniulize." Akatupa kiazi kwenye sufuria. "Hata kwetu Wahehe mkwe ni mkwe. Hakuna aliyeuliza."

Nimekuwa nikilifikiria hilo. Wewe ulijibana, yeye alijibana, kila mtu upande wake wa ubao mwembamba, na mlitunza kila kitu. Aliyedanganya ni mimi peke yangu. Kwamba ilitokea kuwa kweli haibadilishi, kwa sababu sikujua. Hili ndilo nililotaka ulijue.

Jana nilimpigia shangazi. Mimi, Babu. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye daftari nisije nikapotea. Nikamsomea yote, mpaka la mfuniko, mpaka la mandazi, na la kwamba nilikaa msibani na ungo wangu nikanyamaza. Nilipomaliza nikaangalia kama salio bado lipo.

Halafu shangazi akasema, "Mpe mama yako simu."

Mama akafuta mikono kwenye khanga, akaichukua, akatoka nayo nje. Waliongea muda mrefu. Sikuenda kusikiliza.

Lala, Babu.

Mjukuu wako wa Uyole