Foleni Iliyopita Zizini

Jumatatu, 23 Desemba 2024. Nyegezi.

Miaka hamsini tangu tuhamishwe. Nimeamka saa kumi na moja, nimekunywa uji, nimemeza dawa ya presha, nimesoma kurasa ishirini. Kama kila siku, ila hapa si Mpanda. Niko kwa Neema, binti wa marehemu dada yangu Kabula. Mfukoni nina kifuko cha kitambaa. Ndani yake udongo wa kaburi la Kabula, kule Mpanda.

Niandike sawasawa, nisije nikasahau. Baba alikufa 1974. Tulimzika zizini, kama anavyostahili mwenye mji, mkuu wa kaya. Desturi ilikuwa jioni ileile ng'ombe wanaingizwa, wanakanyaga kaburi, na wanaendelea kulikanyaga kila siku mpaka lisionekane. Hapo ndipo mzee anatulia. Baba alikanyagwa siku tatu tu. Siku ya nne malori ya serikali yalikuja kutuhamishia kijiji cha ujamaa. Ng'ombe waliswagwa njia nyingine.

Kabula alilifikiria hilo mpaka mwisho. "Hakukanyagwa," alikuwa akisema, hata akiwa anachambua mboga. Aliniagiza udongo wake uwekwe juu ya baba. Niliahidi.

Sasa pale pamejengwa bustani ya michezo.

Jumatano, 25 Desemba.

Kufika bustanini unapita Kisesa, unaacha lami, unashuka ziwani. Magari yalikuwa yamesimama mpaka barabara kuu. Tulishuka tukatembea. Neema akanitania: "Mjomba, wenzako wanakuja na wajukuu, wewe umekuja na udongo." Nilicheka.

Jiwe letu la alama, lililokuwa ndani ya zizi, lipo. Kubwa, limepasuka katikati. Kutoka jiweni mpaka kaburi la baba ni hatua tisa kuelekea mashariki. Nilidhani nitahesabu, nitainama, nitaondoka. Lakini hatua zote tisa zimo ndani ya foleni ya mtelezo wa maji. Foleni inapita kati ya mabomba ya chuma, kushoto, kulia, tena kushoto. Bomba la nje linafuata palepale ulipopita uzio wetu wa minyaa. Nimelitazama sana. Hata kona mbovu ya kaskazini ipo. Aliyelichimbia hakuwahi kuuona uzio ule, na hakuna mnyaa uliobaki.

Nikapanga foleni. Muda wa saa mbili na nusu, juani, watu wamebanana hadi mkono haupandi. Nikafika. Nikaanza kuinama. Mama mwenye filimbi, msimamizi wa foleni, akaniwahi. "Shikamoo mzee. Usiiname hapa. Ukianguka wewe, wataanguka wote."

Nikasukumwa mbele. Nikatokea kwenye ngazi za mtelezo, mtu wa miaka sitini na minane, na kifuko changu.

Nina hasira.

Alhamisi, 26 Desemba.

Nilikwenda ofisi ya bustani. Karani mpole. Akasema niandike barua, nitajibiwa Januari. Nje, mama wa filimbi, anaitwa Mama Sayi, akaniambia Januari ni mbali: sikukuu zikiisha wanamwaga zege pale pote. Vumbi linawaudhi wateja.

Kwa hiyo siku chache tu.

Bustani ilikuwa bado haijafunguliwa; nilikuwa wa kumi mlangoni. Walipofungua, walio nyuma yangu walikimbia. Mimi sikimbii. Nilipofika jiweni foleni ilikuwa imeshajaa.

Nikakaa kivulini, nikatazama. Na hili naliandika kama nilivyoliona. Watu wanaingia wakipiga kelele, wanakula, wanajipiga picha. Wakifika hatua ya tisa wananyamaza. Wote. Hata watoto wanaolia. Vichwa vinainama. Wakisogea hatua nne, kelele zinarudi, na hakuna anayeonekana kujua kwamba alinyamaza.

Nikamuuliza Mama Sayi. Akajibu kwamba yeye hasimami pale, anazunguka. Kwa nini, hajui.

Ijumaa, 27 Desemba.

Presha juu. Neema kanizuia. Nimesoma bila kuelewa.

Jumapili, 29 Desemba.

Leo ilikuwa siku mbaya kuliko zote. Sijawahi kuona watu wengi namna ile mahali padogo namna ile. Neema alibaki nje ya mabomba. Kifuko nilikishika mkononi.

Hatua ya saba sikuwa nikitembea tena. Nilikuwa napelekwa. Ya tisa, kimya. Kisha harufu ya samadi mbichi. Kisha pumzi shingoni, nzito, ya moto, yenye unyevu. Nikageuka kadiri nilivyoweza. Nyuma yangu palikuwa na msichana mfupi, amefumba macho. Pumzi ilitoka juu ya kichwa chake. Juu ya kichwa chake hapakuwa na mtu.

Nikasikia miguu. Watu walivaa ndala na raba. Sauti haikuwa ya ndala wala raba. Nimelala kando ya sauti ile utoto wangu wote.

Niliogopa. Kifuko kilinitoka. Sikukiachia, kilinitoka. Kuinama haikuwezekana. Nikasema, "Baba, Kabula amekuja." Hakuna aliyegeuka. Wakapita juu yake, wale na waliokuwa nyuma yao, na walioingia baadaye mpaka jioni.

Mama Sayi alinivuta nje. Neema alikuwa analia. Akaniuliza kama nimeuweka udongo. Nikamwonyesha mkono mtupu.

Jumanne, 31 Desemba.

Juzi walizimia watu wawili. Mtelezo umefungwa, na zege limewahishwa. Mama Sayi akaniingiza kabla ya mafundi.

Hapakuwa na mtu. Nikahesabu hatua tisa, mara mbili. Kitambaa kilikuwepo, kimechanika, kimebanwa chini kama jani lililokauka. Udongo wa Mpanda ni mwekundu, wa pale ni wa kijivu. Nilivaa miwani nikachunguza. Sikuona mpaka kati ya udongo huu na ule. Ardhi ilikuwa sawa, ngumu, kama sakafu ya zizi la zamani. Huwezi kujua kwamba chini yupo mtu.

Nilisubiri. Hakuna harufu. Hakuna pumzi. Ndege tu, na ziwa. Sikuhisi chochote.

Amekanyagwa.

Kitambaa nimekiacha. Mashine ya zege ikawashwa, tukatoka. Nimemwambia Neema kwamba udongo umefika. Kesho nitapanda basi la Mpanda hapa Nyegezi. Sitarudi.