Babu Anasema Jirani Alipaka Dawa Mizinga Yetu

Shikamoo Shangazi Ikupa. Safu yako naisoma kila gazeti linapofika maktaba ya shule, sikuwahi kufikiri zamu yangu ingefika, lakini naomba unisaidie kwa sababu nina jambo kubwa na sina mdomo wa kulisema. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, naishi Kyimo na babu yangu, Mzee Anyosisye, anayefuga nyuki migombani, na kila Jumapili ya mavuno yeye ndiye hupeleka ndoo ya asali kanisani. Mwaka huu hakuna asali. Masika ilinyesha bila kupumzika, nyuki wakakaa ndani, wakaanza kudondoka na kutambaa chini kama walevi, halafu mbele ya mizinga yakatokea madoa ya kahawia, kana kwamba mtu amepaka kitu kwa kidole, na babu alipoyaona akasema, "Dawa hiyo! Huyu ni Meshaki." Mzee Meshaki ni jirani yetu na mwalimu wa kwaya, ndiye aliyenifundisha kusoma nota, lakini waliwahi kubishana na babu kuhusu mpaka wa shamba, basi sasa hawasalimiani, na babu ameapa kwamba Jumapili ya mavuno atasimama mbele ya kanisa zima amtaje aliyewaua nyuki wake. Akimtaja, Mzee Meshaki ataiacha kwaya na jina lake halitasafishika tena.

Shangazi, mimi najua si yeye! Nilisoma kitabuni kuhusu mikrosporidia, vimelea vidogo mno, jamaa wa fangasi, wanaoishi ndani ya seli za samaki, za wadudu, hata za binadamu, nikachukua nyuki waliokufa nikampelekea Madam Loyce, mwalimu wetu wa biolojia, tukaponda matumbo yao kwenye tone la maji, na chini ya hadubini tukaona chembe za duara refu zinazong'aa, zimejaa kama mchele uliomwagika. Madam alipiga makofi mpaka darasa la jirani likachungulia. Ni nosema, aina ya mikrosporidia, inawaharisha nyuki, na madoa yale ni kinyesi chao! Nilirudi nyumbani nakimbia, lakini nilipofungua mdomo tu babu akasema, "Gwe mtoto, vitabu vinawajua nyuki wangu?" nikaenda kumenya ndizi. Sasa anataka kuwapa nyuki waliobaki masega ya mzinga uliokufa, eti wapate nguvu. Nifanyeje?

Mwenye Aibu, Kyimo

SHANGAZI IKUPA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Hongera, halafu kaa nikugombeze. Umegundua kilichowashinda watu wazima, kisha ukaenda kumenya ndizi? Aibu ni nzuri wageni wakija. Hapa itamvunjia mtu heshima yake bure.

Babu yako si mtu mbaya. Amepoteza nyuki, anatafuta wa kumlaumu. Usimbishie wala usimhubirie. Mwonyeshe. Mwombe Madam Loyce aje nyumbani na hadubini, mchana wa jua. Babu achague nyuki mwenyewe, kutoka mzinga anaoutaka yeye, aweke jicho lake mwenyewe.

Masega hayo yasiguse mzinga mwingine! Nimemuuliza ofisa wa nyuki, kasema yachomwe, mzinga ukwanguliwe na kubabuliwa kwa moto, na mizinga iliyobaki itoke kivulini ipate jua. Kimelea hiki ni cha nyuki, watu hakiwadhuru. Ndugu zake wengine ndio huharisha binadamu, hasa mwenye kinga iliyoshuka, kwa hiyo naweni mikono na mchemshe maji ya kunywa.

Kuhusu Mzee Meshaki, usimwombe radhi wewe. Aliyesema ni babu. Kazi yako ni kufungua mdomo, na uifanye wiki hii.

MWENYE AIBU AMEANDIKA TENA

Shangazi, imewezekana! Babu alichagua nyuki mwenyewe, akafumba jicho moja, akainama kwenye hadubini mpaka Madam Loyce akadhani amesinzia. Kisha akasema taratibu, "Mchele. Mchele mtupu." Jioni hiyohiyo masega aliyachoma kwa mkono wake, na mizinga iliyobaki sasa iko juani, nyuki wanatoka na kuingia.

Jumapili ya mavuno alisimama kweli, bila ndoo. "Niliapa kumtaja aliyeua nyuki wangu," akasema. "Si Meshaki. Ni kuhara." Watu wakaangua kicheko, naye akaninyooshea fimbo. "Anayejua ni huyu mjukuu wangu. Njoo uwaeleze." Nikaenda, Shangazi! Nikaeleza yote, mvua, vimelea, madoa, mpaka wafugaji wengine wakaanza kuniuliza kuhusu mizinga yao.

Mzee Meshaki akainuka kwenye kwaya. "Gwe Anyosisye! Masika nzima hunisalimii kwa sababu ya kinyesi cha nyuki?"

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Nimekusamehe. Lakini leo nakula kwako."

Akaja, wakala mbalaga, ndizi zetu za kupika, kwenye sahani moja, wakicheka na kutaniana. Ndizi zake nilizimenya mimi tena, ila safari hii babu alileta kigoda chake jikoni, mahali asipokaa kamwe, akawa ananiuliza maswali, nami nikawa najibu.