Shati la Fuvu na Suti ya Kijivu

Mshauri mpendwa Truphena,

Naomba unisaidie kabla sijatangulia, maana daktari amenirudisha nyumbani akaniambia nile chochote ninachotaka, na mimi si mtoto, najua maana ya daktari kukuruhusu kula chochote unachotaka. Nilifundisha sarufi ya Kiswahili hapa Amukura mpaka nikastaafu, mambo yangu na Mungu nimeyamaliza, mipaka ya shamba nimeionyesha wanangu, lakini limebaki jambo moja la nguo, nami naona haya hata kuliandika.

Mwaka jana nilianza kusikia baridi mchana kweupe, nikaambiwa nivae mikono mirefu ya pamba kwa sababu nailoni iliniwasha, basi nikaenda mitumbani Malaba kutafuta shati la heshima, na juu ya rundo nikaona shati jeusi la pamba nzito, vifungo vya chuma, miali ya moto imechorwa kutoka kwenye vikuku, yaani pindo za mikono penye kifungo, hadi viwikoni, na kifuani fuvu la mtu lililovaa miwani ya jua, shati la wale wazungu wanaoendesha pikipiki kubwa bila kubeba abiria, nikasema nitalijaribu kwa utani tu, nikalivaa, na mshauri, sikulivua.

Pikipiki sijui kuendesha. Lakini nilipofika stejini pa pikipiki, Okwi, mtu mwenye wajukuu ambaye hunipeleka kliniki, na ambaye siku hiyo kama siku zote alikuwa amevaa koti la kike la manyoya, mgongo mbele, kama waendeshaji wengi wa hapa wanavyojikinga na upepo, alishuka kwenye pikipiki yake akanipa mkono.

"Boss! Leo wewe ndio rider, mimi ni abiria. Lakini mzee, toa hiyo tai. Fuvu linakosa pumzi."

Ndiyo, nilikuwa nimelifungia tai, mazoea ya ualimu. Nikaitoa. Tukapita kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, dereva mmoja akanipigia honi ya salamu, mimi ambaye maisha yangu yote nimepigiwa honi ya kuondolewa barabarani, na tangu siku hiyo nilikuwa nikitafuta sababu za kwenda Malaba, mara dawa, mara kupima presha, mara kuuliza kama dawa zimeisha.

Nyumbani, mke wangu Asio alilitazama lile fuvu akauliza, "Baba Quinton, huyu ni nani?" Nikamwambia ni picha tu. "Picha ya nani? Ametufanyia nini?" Akalichemsha shati kwa jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo, ili fuvu litoke, kikatoka kioo kimoja tu cha miwani, kwa hiyo sasa fuvu linakonyeza. Kisha akalichovya kwenye wanga wa muhogo kama anavyofanya mashati yangu ya kanisani, likakauka likaweza kusimama bila mtu, mbuzi akaja akatafuna kikuku kimoja kwa utamu wa muhogo. Na shati lilirudi, kama pamba inavyorudi ikichemshwa, likawa dogo, lakini ugonjwa nao umenipunguza, hivi kwamba shati limerudi na mimi nimerudi, tumekutana katikati, linanikaa kuliko zamani.

Ndugu yangu mdogo Ejoku, mzee wa kanisa, aliniombea juu ya shati hilo mpaka mate yakanifikia. "Ndugu, hiyo si nguo ya mtu ameokoka!" Lakini juzi, akidhani nimelala, nilimsikia sebuleni akimwuliza mke wangu kwa sauti ya chini, "Shemeji, hilo shati lilirudi sana? Ama bado linaweza ingia mtu wa kifua kama mimi?"

"Si mwenyewe yuko hapo ndani? Muulize."

"Aah, wacha apumzike."

Unajua kwetu nguo za marehemu hugawiwa ndugu baada ya mazishi. Ejoku anangoja.

Asio ameshaninunulia suti ya kijivu, nailoni tupu, ameitundika mlangoni mbele ya kitanda, na kila asubuhi mimi na suti tunatazamana. Nataka kuzikwa na shati langu. Nimepatana na Okwi alipeleke kwa siri chumba cha maiti wanivishe huko, naye alikubali haraka mno. Asio sijamwambia, kwa sababu naogopa atasimama kando ya jeneza akidhani aliishi na mtu asiyemjua. Je, nifuate njia ya Okwi, au nivae suti ninyamaze?

Mzee wa Shati,
Amukura

TRUPHENA ANAJIBU

Mzee wangu, pole kwa ugonjwa. Pole imekwisha, sasa nisikilize.

Umefundisha watoto wa watu kutunga sentensi kamili, nawe umeshindwa kumtungia mkeo sentensi moja: "Asio, nalipenda shati hili." Badala yake umeunda njama na mwendesha pikipiki! Okwi atalifikisha shati chumba cha maiti, sina shaka, ila atafika akiwa amelivaa, mgongo mbele, na wewe utalala na nailoni ikikuwasha mpaka siku ya ufufuo.

Asio alikuuliza huyo ni nani. Lilikuwa swali zuri, nawe ukasema picha tu. Leo mwite, mjibu. Mwambie huyo ni mtu aliyepigiwa honi ya salamu Malaba akafurahi kama mtoto. Mwambie bila kumlaumu kwa jiki, kwa maana mwanamke anayekutilia wanga mpaka shati lisimame lenyewe hajakuchoka. Akicheka, mtakuwa mmefahamiana. Akilia, mpe hicho kikuku ambacho mbuzi alibakiza ajifute.

Mfundishe pia kulitunza. Funga vifungo, geuza ndani nje, maji baridi, sabuni ya kawaida. Jiki marufuku. Wanga ni wa mashati ya kanisani, na mbuzi ni wa kufungwa. Anika kivulini, piga pasi upande wa ndani, usiguse fuvu, limeshateseka. Kikuku kilichotafunwa kikunje mpaka chini ya kiwiko na cha pili vivyo hivyo, watu wadhani ni mtindo. Suruali iwe ya rangi moja, na tai sitaki kuisikia. Wasomaji wengine mnaokimbilia Malaba kulitafuta lenu, likunjeni kwenye ngumi kwanza: likibaki na makunyanzi ni pamba, likijinyoosha lenyewe ni ndugu wa ile suti.

Kuhusu kaburi, mwombe Asio, usimwamuru. Yeye ndiye atakayebaki akitazamwa na kijiji. Akikubali, vizuri. Akikataa, vaa suti yake bila kinyongo, lakini kabla ya hapo fanya hivi: keti uani, mikono imekunjwa, fuvu mbele, upigwe picha, na umkabidhi Asio hiyo iwe picha yako ya mazishi. Kamati itaichapisha kwenye fulana za waombolezaji, kama kawaida yao. Ejoku hatakosa fulana ya bure. Ataomba dua siku nzima na fuvu kifuani, likimkonyeza kila anayempa mkono.

Na usilihifadhi shati kwa ajili ya jeneza kana kwamba uhai haustahili nguo nzuri. Livae Jumapili hii kanisani, livae kitandani, livae mpaka viwiko vitoboke na asibaki wa kuligombania. Sababu nakuachia uichanganue mwenyewe, mwalimu wa sarufi, ukiwa umelivaa: pamba hurudi, wewe hurudi.