Kitabu Kinene Kilichoninyima Magazini

Nilipoteza nafasi ya kuwa mkubwa wa magazini, ghala la vipuri, nikiwa na miaka thelathini na moja, kwa sababu nilichagua kitabu kibaya.

Ilunga, mjukuu wangu, jambo yako huko Kinshasa. Mke wangu, nkambo wako wa kike, ni mzima. Goti tu linamsumbua, na hapa Likasi mvua imeanza.

Unaniuliza ununue kitabu kipi ili ujifunze hifadhidata. Kompyuta zilipofika kazini kwetu, nilinunua kitabu cha kurasa 412, mazoezi saba. Mwenzangu Kalenga alichukua chembamba: kurasa 90, mazoezi 64. Nilimcheka: "Eh, papa, hicho ni cha watoto!" Siku ya kupimwa kwa ajili ya nafasi hiyo, shefu akasema: "Nionyesheni vipuri vilivyobaki chini ya kumi." Nilijua maana ya kila neno, ila mashine haikunijibu. Kalenga alipata jibu, akapata na kiti. Inaniuma mpaka leo.

Basi hesabu mazoezi kabla ya kurasa. Halafu kitabu hicho kilete hapa Noeli, mazoezi yake tuyafanye wawili. Umeondoka miaka miwili na miezi minne, na mezani kwangu hakuna wa kubishana naye. Unakuja au huji? Nijibu neno moja, kabla ya Jumapili saa sita mchana.

Nkambo wako