Shemeji Amepunguza Uzito wa Pikipiki Hadi Anasema Si ya Marehemu Tena

Kwako Senje Nabwire, shangazi yetu sote tunaokuandikia, naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unigombeze, maana hapa kwetu kila ninayemweleza jambo hili ananikatiza nikiwa katikati na kuniambia nimshukuru Mungu kwamba hata nyumba niliachiwa.

Mimi ni mjane, naishi karibu na Khayega katika boma la wakwe zangu, na mume wangu Phineas alifariki kwa ugonjwa wa figo mwaka juzi, akaniacha na binti yetu Muhonja pamoja na pikipiki kubwa ya mbio, ile ambayo mwendeshaji hulala kifua juu ya tanki, aliyoinunua kabla hajanijua na ambayo jamaa zake wote walimcheka kwayo wakisema mtu mwenye akili hununua ng'ombe. Jumamosi alikuwa ananipakia nyuma tunaenda mjini, nimemshika kiuno, na mlio wa pikipiki ulikuwa mzito, wa chini chini, akirudi peke yake tuliutambua hata akiwa bado kwenye lami, Muhonja anaacha kijiko kwenye sahani na kukimbilia langoni.

Siku ya kunyolewa nywele baada ya mazishi, wazee wa ukoo walipoketi kugawa vitu vya marehemu kama ilivyo desturi yetu, Mzee Shikanga alisimama akasema mbele ya watu kwamba pikipiki ni ya nyumba ya Phineas na haitaguswa, ila mdogo wake Bravin awe anaiendesha mara moja moja isije ikashika kutu. Mimi nikakubali kwa roho moja, na Senje, aibu yangu inaanzia hapo, kwa sababu sikukubali kwa ajili ya kutu, nilikubali kwa kuwa Bravin akivaa kofia ya Phineas na kufunga kioo, halafu aje na mlio ule, basi kutoka langoni mpaka mlangoni pangu nilikuwa mke wa mtu tena. Nikawa namwekea chai kila akija. Siku moja nikamchinjia ingokho, kuku wetu wa heshima, na kwa kuwa mkono ulishazoea, nikamwekea firigisi kwenye sahani yake, ile ambayo tangu niolewe nilikuwa nampa Phineas peke yake, na mama mkwe aliyeona akatabasamu akasema nyumba hii haijafungwa, nami nikajifanya sijasikia.

Baadaye Bravin akajiunga na vijana wa pikipiki kubwa wanaokimbizana Jumapili kuelekea Chavakali, na kila mara anafika wa mwisho, wakamwambia pikipiki yake ni nzito, akaanza kuipunguza. Kwanza aliondoa kiti cha nyuma na vikanyagio vyake, nikamuuliza, akanijibu, "Shem, pikipiki ya mbio haibebangi watu. Hiki kiti ni mzigo ya bure." Hicho kiti ndicho nilichokuwa nakalia mimi, Senje, lakini nikanyamaza. Akaja na betri ndogo kama mkate, akabadilisha rimu, akatoa plastiki zote za ubavuni na kuweka za kaboni zilizotoka Nairobi, na kila kipya alikuwa ananipa mkononi, "Shika uone vile ni nyepesi," nami nilikuwa nashika na kumwambia kweli ni nyepesi. Mwisho akatoa ekzosi ya chuma, lile bomba la moshi, akaweka nyingine ya madini mepesi. Siku hiyo ilikuja ikipiga kelele kama msumeno wa kukatia miti, Muhonja hakuinuka hata kidogo, akaniuliza, "Mama, ni nani huyo?" Niliingia bafuni nikalia, kisha nikatoka nikamtukana Bravin mbele ya majirani, nikamwambia ni mwizi anayemla ndugu yake kaburini.

Kumbe alikuwa amejiandaa. Aliwaita wazee, akaleta gunia la sukari limejaa vipuri vya zamani, akamwaga vyote kwenye mkeka, akasema, "Hii ndio pikipiki ya ndugu yangu. Sijaiba hata nati moja. Ile naendesha nimejinunulia, kipande kwa kipande." Mama mkwe akadakia, "Mtoto wangu ameweka jasho yake hapo. Wewe umeweka nini?" Nikamwangalia Mzee Shikanga, yule yule aliyesema isiguswe, akakuna kichwa na kusema, "Hiyo maneno iko na ukweli kidogo." Wakaniambia nichukue gunia, amani irudi. Sikulichukua, nilibeba ile ekzosi peke yake nikaondoka, na sasa wananitaka nijibu kabla ya ibada ya kumbukumbu ya Phineas.

Nikienda kwa chifu nitakuwa mwanamke aliyemshtaki ndugu ya mumewe ilhali nalala kwenye shamba lao, na nikipokea gunia nimekubali kwamba pikipiki ni yake. Fundi mmoja wa Lurambi anaitwa Tyson naye amenijia na yake, kwamba Bravin alimwambia abadilishe mpaka bolti zinazoshikilia breki ya mbele aweke za alumini, akakataa, akamwonya hazifai mahali hapo, Bravin akaenda akazifunga mwenyewe. Lakini hayo ya bolti mimi sina haja nayo, mimi nautaka ule mlio. Ekzosi iko nyuma ya kochi langu, nimeisugua kwa majivu mpaka inang'aa, na nikiinamia bado inanuka moshi wa siku zile. Nifanye nini, Senje?

Mjane wa Khayega

Senje Nabwire anajibu:

Mwanangu, pole. Nimekusikiliza mpaka mwisho, na sasa nakugombeza kama ulivyoomba.

Ulimpa firigisi. Wewe ni mke wa Kiluhya, usiniambie mkono ulizoea. Firigisi huliwa na mwenye nyumba, na kijana mzima aliyewekewa firigisi na mjane, mama yake akishuhudia, hawezi kufikiri ni kitoweo tu. Ulikuwa unamlilia mumeo kupitia mgongo wa mtu mwingine. Sikuhukumu kwa kulia, hata mimi nimezika. Lakini yule chini ya kofia alikuwa na macho yake na tamaa zake, na wewe hukutaka kumfunua kioo umwone. Alipong'oa kiti chako ulinyamaza, alipokuletea vyuma vyepesi ulivipokea na kuvisifu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe ndio huu unaojengewa leo na wazee waliokula ng'ombe wa matanga ya mumeo.

Sasa acha kulia usikie. Maneno ya Bravin ni ujanja wa mtoto wa shule. Mtu akipanda juu ya nyumba yako, ang'oe mabati ya zamani na kuezeka mapya, je, nyumba imekuwa yake? Ataambiwa ashuke, na mabati yake achukue. Pikipiki ni fremu na injini, vyote vina namba iliyopigwa kwenye chuma, na namba hiyo inakwenda na jina la Phineas. Hilo Bravin hajalipunguza, na hawezi.

Gunia lipokee. Usiliogope. Lakini lipokee mbele ya wazee wote na mchungaji wako awepo, useme kwa sauti: "Napokea vipuri vya pikipiki yangu. Yenyewe bado iko kwa Bravin." Kisha nenda kwa chifu, hata wakikununia, umwombe barua ya kuanzisha mirathi mahakamani. Huendi kumshtaki mtu. Unakwenda kuandikisha vya mumeo na vya Muhonja, na hilo shamba unalolalia kwa woga liingie humo humo. Wakikuuliza umeweka nini, waambie umeweka mume kaburini.

Na firigisi, kuanzia leo, mpe Muhonja.

Nimeacha mwisho jambo ambalo wewe umeliona dogo kuliko yote. Fundi Tyson amekuambia breki ya mbele imefungwa kwa bolti zisizofaa, nawe unasema huna haja nayo, unataka mlio! Mama, barabara hiyo ya Chavakali inapita katikati ya soko la Khayega. Siku breki hiyo itakapoachia na mtoto wa mtu akalala kwenye lami, polisi watasoma namba, na namba itasema Phineas. Hapo ndipo utamsikia Bravin na mama yake, na Mzee Shikanga akikuna kichwa, wote kwa sauti moja wakiapa kwamba pikipiki ni ya marehemu. Itarudi kwako nzima siku hiyo, pamoja na mzazi wa yule mtoto amesimama langoni pako, pale alipokuwa akikimbilia Muhonja.

Kwa hiyo usingoje ibada ya kumbukumbu. Leo hii, mchukue huyo fundi, mpitie bolti zile za chuma kwenye gunia uliloliacha, mwende mpaka Bravin alipo. Zifungwe ukiwa umesimama hapo. Akikataa, usitoke hapo bila ufunguo wa pikipiki.